Ini la Asiyeonja Ulevi



Barua niliyoipokea juma hili imetoka kwa binti mmoja wa Kisauni, aliyeniomba nisilitaje jina lake. Mama yake, mwenye umri wa miaka 52, alipelekwa hospitali kwa maumivu ya ubavu wa kulia, akapigwa picha ya ultrasaundi, na majibu yakaandikwa kwamba ini lake lina mafuta. Jamaa walipokuja kumjulia hali, mmoja wao, mtu mzima wa kuheshimiwa, aliuliza kwa sauti ya chini iliyosikika hadi uani: ugonjwa wa ini si ugonjwa wa walevi? Mama huyo hajawahi kuonja kileo maishani mwake. Binti anaeleza kwamba maneno yale yalimkata mama maini kuliko ugonjwa wenyewe, na tangu siku hiyo hataki kurudi kliniki kwa kuchelea kuonana na mtu anayemjua.

Barua ina swali la pili. Kaka yao aliyeko Marekani amewapigia simu kuwaarifu kwamba huko kumetoka kidonge kipya cha kutibu ini lenye mafuta. Bei yake haisemeki. Familia ina kiwanja walichoachiwa na marehemu baba yao, na sasa wanashauriana wakiuze. Binti anauliza kama wafanye hivyo, naye anataka jibu kabla kaka hajaja likizo.

Naanza na lile la kwanza, kwani aibu hii imewafungia wengi majumbani.

Mwaka 1980, daktari aitwaye Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20. Vipande vya maini yao vilipotazamwa kwa hadubini vilifanana kabisa na maini ya walevi: mafuta ndani ya seli, uvimbe, na kwa baadhi yao makovu. Lakini watu hao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanawake, wengi walikuwa wanene, na si wachache waliokuwa na kisukari au vijiwe vya nyongo. Ludwig ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina lake la kitabibu, nalo lilianza kwa kukanusha pombe. Mwaka 2023 vyama vya mabingwa wa ini vya nchi mbalimbali vilikubaliana kuliacha jina hilo na kuuita ugonjwa wa ini utokanao na kasoro za mwili katika kutumia chakula, na wafupishaji huuandika MASLD. Mimi nililipokea badiliko hilo kwa furaha. Mtu ukimwita kila siku "fulani asiyekuwa mwizi", wasikilizaji watashika lile neno la mwisho tu.

Basi yule jamaa na aelezwe kwa upole, maana pengine hakukusudia ubaya: takriban watu wazima 3 katika kila 10 duniani wana mafuta ya ziada katika ini, na wengi mno kati yao hawajui. Pombe ni mlango mmoja wa kuingilia ugonjwa wa ini. Milango mingine ni unene wa tumboni, kisukari, kolesteroli, na baadhi ya dawa. Kwa wanawake hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma, na mama wa miaka 52 yumo katika umri huo hasa.

Mafuta hayo huingiaje? Wengi hudhani ni yale ya sambusa na bhajia tu, kana kwamba mafuta ya karai hutiririka moja kwa moja hadi ini. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa huja kutoka katika mafuta ya mwilini, hasa pale homoni ya insulini inapokuwa haisikilizwi tena vizuri na mwili, na sehemu nyingine hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini, ambalo ikizidi huigeuza mafuta. Vikombe vitatu vya chai tamu, soda ya mchana na sharubati ya jioni vina neno zito zaidi kuliko kipande kimoja cha samaki wa kukaanga.

Kwa walio wengi mafuta hukaa yalivyo bila kuleta kishindo. Kwa baadhi, seli huanza kuvimba na kuumia. Na palipo na jeraha la muda mrefu huja kovu. Madaktari huyapanga makovu hayo kwa daraja, kuanzia 0 hadi 4, na daraja la 4 ndilo sirosisi, ini lililokakamaa. Daraja hizo zishikwe akilini, kwani swali la kiwanja linategemea hapo.

Sasa tuje kwenye dawa. Ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna jeni, yaani maandishi ya urithi yanayoeleza kila kitu ambacho seli inaweza kukitengeneza. Seli haisomi maandishi yote kwa wakati mmoja. Tazama jiko la harusi zetu: masufuria yamekwisha kupangwa, mchele umechaguliwa, mkaa uko tayari, lakini hakuna linaloinjikwa hadi mpishi mkuu apate habari kutoka nje. Akija mtoto mbio akasema wageni wa bwana harusi wamefika Nyali, mpishi huamuru chungu hiki kiteremshwe na kile kitiwe moto. Katika kiini cha seli, wapishi wakuu wa namna hiyo huitwa vipokezi vya kiini. Mwanadamu ana vipokezi 48 vya jamii hii. Ni protini zinazokamata jeni kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine zina kijishimo cha kumpokea mjumbe. Mjumbe ni kitu kidogo chenye kuyeyuka katika mafuta, kama vile homoni, vitamini, asidi ya nyongo au asidi ya mafuta, kinachoweza kupenya utando wa seli. Akishaketi katika kijishimo chake, kipokezi hugeuka umbo, na jeni fulani huwashwa au huzimwa.

Mama zangu na dada zangu wamekwisha kukutana na vipokezi hivi bila kutambulishwa. Homoni za kike hufanya kazi kupitia kwavyo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, vivyo hivyo. Vitamini D, vivyo hivyo. Na kwa vile kazi nyingi za ini za kuhifadhi na kuunguza mafuta huamriwa na vipokezi hivi, wataalamu wameona kwamba ukiweza kumbuni mjumbe wa bandia atakayeketi katika kijishimo kinachofaa, utaweza kuliamuru ini liyatoe mafuta yake. Fikra ni nyepesi. Utekelezaji wake umechukua miongo kadhaa, na kushindwa kumekuwa kwingi kuliko kufaulu.

Waliojaribiwa mapema ni wa kundi la PPAR. Pioglitazoni, dawa ya kisukari inayojulikana hata kwetu, hukiamsha kipokezi cha PPAR-gama, ambacho kipo zaidi katika mafuta ya mwili kuliko katika ini. Inapanua ghala la chini ya ngozi ili shehena iliyorundikwa katika ini ipate pa kwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba uvimbe wa ini ulikwisha kwa wagonjwa 47 katika kila 100 walioimeza, ukilinganisha na 21 katika kila 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa. Lakini ghala likipanuka na mtu hunenepa. Isitoshe, dawa hii huhifadhi maji mwilini hata ikamdhuru mwenye moyo dhaifu, na huongeza uwezekano wa mifupa kuvunjika, hasa kwa wanawake. Si dawa ya kuazimana na shoga yako kwa sababu nyote mna sukari.

Akafuata FXR, kipokezi kinachosikiliza nyongo. Asidi za nyongo zikifika, kipokezi hiki huliamuru ini lipunguze kutengeneza nyongo mpya na pia mafuta mapya. Huko Perugia, Italia, jopo la Roberto Pellicciari lilitengeneza mjumbe wa bandia mwenye nguvu nyingi kuliko nyongo ya asili, akaitwa asidi ya obetikoliki. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, makovu yalipungua kwa wagonjwa 23 katika kila 100 waliopewa kipimo kikubwa, dhidi ya 12 kwa wasiopewa dawa. Ila nusu ya waliopewa kipimo hicho walishikwa na mwasho wa ngozi, na kolesteroli mbaya ikapanda. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa ugonjwa huu mwaka 2020, ikaikataa tena mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2020 dawa nyingine, elafibranori, inayoamsha PPAR-alfa na PPAR-delta, ilishindwa katika utafiti wake mkubwa wa ini lenye mafuta. Ajabu ni kwamba miaka minne baadaye ilikubaliwa Marekani kwa ugonjwa mwingine kabisa, wa mifereji ya nyongo.

Kidonge alichokisikia kaka wa binti yetu, kwa maelezo aliyoyatoa, ni resmetiromu. Mjumbe huyu anakwenda kwenye kipokezi cha homoni ya thairoidi, ile tezi iliyo shingoni. Madaktari wanajua tangu zamani kwamba homoni hii huchochea mwili kuunguza mafuta. Basi kwa nini wasiwape watu homoni yenyewe? Walijaribu jambo la karibu na hilo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani juu ya wagonjwa wa moyo, kundi lililopewa aina ya homoni ya thairoidi ili kupunguza kolesteroli lilisitishwa mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu vifo vilizidi. Kipokezi cha thairoidi kina ndugu wawili: alfa, aliye zaidi katika moyo na mifupa, na beta, aliye zaidi katika ini. Homoni ya asili huwaamsha wote wawili, na moyo hulipia. Resmetiromu imeundwa impendelee beta, na zaidi ya hapo hunyakuliwa na ini kabla haijatapakaa mwilini.

Majaribio yake ya mwisho yalihusisha wagonjwa 966 kwa majuma 52. Uvimbe wa ini ulikwisha, bila kovu kuongezeka, kwa takriban wagonjwa 30 katika kila 100 waliopewa miligramu 100, na 26 kwa miligramu 80, dhidi ya 10 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Makovu yalishuka kwa daraja moja au zaidi kwa takriban 26 na 24, dhidi ya 14. Madhara yaliyojitokeza zaidi ni kuharisha na kichefuchefu. Tarehe 14 Machi 2024 Marekani iliikubali, ikawa dawa ya kwanza kukubaliwa huko kwa ugonjwa huu, miaka 44 tangu Ludwig aandike kwamba hakuijua tiba yoyote yenye kufaa.

Nimezitaja hesabu hizi kwa makusudi. Katika kila watu 10 waliokunywa kidonge hicho mwaka mzima, kama 7 hawakupona uvimbe. Na kimekubaliwa kwa wenye makovu ya daraja la 2 na la 3 pekee, kikiambatana na mpango wa chakula na mazoezi. Mwenye mafuta bila kovu hakikuwekewa yeye, wala mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi. Bei iliyotangazwa Marekani kilipotoka ilikuwa dola 47,400 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 6 za Kenya. Na hakimezwi mwezi mmoja kikaachwa.

Kabla sijarudi kwa mama yetu, nina maneno mawili ya pembeni, maana nimeona hatari iko karibu nasi kuliko ilivyo Marekani.

La kwanza ni vidonge vya deksamethasoni wanavyomeza baadhi ya wasichana ili wanenepe kabla ya harusi, na krimu kali za kuchubua ngozi zenye dawa za jamii hiyo hiyo. Hizo nazo ni wajumbe wa kipokezi cha kiini, kile cha homoni ya kotisoli. Uso huviringika, mashavu hujaa, watu husifu kwamba bibi harusi amependeza. Na ndani, sukari hupanda, shinikizo la damu hupanda, na ini hulundika mafuta. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asiziache kwa ghafla, kwani mwili unaweza kuanguka. Aende kwa daktari aseme ukweli, apunguziwe kidogo kidogo. Aliyeandikiwa dawa za namna hii kwa pumu au maradhi mengine aendelee kama alivyoelekezwa. La pili ni kwa watakaosoma habari za resmetiromu wakadhani kwamba vidonge vya thairoidi vya jirani vitawayeyusha tumbo. Vitaufikia moyo kwanza.

Sasa kiwanja. Dada yangu, picha ya ultrasaundi ilionyesha mafuta. Haikuonyesha daraja la kovu, na bila daraja hilo hakuna daktari mwaminifu atakayeandika dawa yoyote katika hizi. Kuna hesabu nyepesi inayoanza nayo kazi, iitwayo FIB-4, na vipimo vyake ni vya damu vya kawaida. Chukua umri, uuzidishe kwa kipimo cha kimeng'enya cha AST. Kisha chukua idadi ya chembe sahani za damu, izidishe kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa ALT. Gawanya la kwanza kwa la pili. Karatasi uliyoniambatishia inaonyesha AST 30, ALT 36 na chembe sahani 250. Basi 52 mara 30 ni 1,560. Na 250 mara 6 ni 1,500. Jawabu ni 1.04. Kwa umri wake, lililo chini ya 1.3 huashiria kwamba kovu kubwa halipo kwa uwezekano mkubwa. Lingezidi 2.67 ningekuandikia kwa haraka nyingine. Hesabu hii haimpunguzii daktari kazi yake: atataka kurudia vipimo baada ya muda, kuangalia sukari na kolesteroli, kupima virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na pengine kumpeleka kwenye mashine inayopima ugumu wa ini kwa mawimbi. Lakini kwa namba hizi, hata kidonge kile kingeuzwa shilingi kumi katika duka la dawa la mtaani kwenu, mama yenu hayumo miongoni mwa waliokusudiwa.

Analolihitaji ni kupunguza uzito, na hapa kuna ushahidi ambao sikutarajia kuukuta Havana, Kuba. Mwaka 2015 madaktari wa huko walichapisha habari za wagonjwa 293 wenye ini lililovimba kwa mafuta, waliopunguziwa chakula na kuhimizwa kutembea kwa majuma 52. Miongoni mwa waliopungua asilimia 10 ya uzito au zaidi, 90 katika kila 100 walipona uvimbe, na 45 katika kila 100 makovu yao yalipungua. Hakuna kidonge hata kimoja katika nilivyovitaja kilichofika hapo. Lakini waliofikia upungufu huo walikuwa 29 tu katika wale 293, na asiyelisema hilo anawadanganya watu. Kupungua ni kazi ngumu. Ndiyo maana wataalamu bado wanawatafuta wajumbe wao wa bandia, nami siwakejeli.

Mama mwenye kilo 80 akipungua 4 tu, mafuta ya ini huanza kutoka. Aanze na vinywaji: sukari katika chai ipungue nusu kwa mwezi wa kwanza, soda ibaki ya Idd. Kahawa chungu ana ruhusa nayo; tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini, ila hazikuihesabu halua inayoandamana nayo. Wali upakuliwe baada ya mboga na samaki, usitangulie. Atembee alfajiri baada ya swala, mkiwa naye wawili, ili asipate nafasi ya kujificha. Na Ramadhani ikifika, funga yake itamsaidia iwapo futari haitalipiza yote kwa saa moja, mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya kutolijaza tumbo mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Kaka yako mwambie ahsante, kwani nia yake ni njema. Mwambie nauli ya likizo yake aje nayo, amshike mama mkono ampeleke kliniki kwa miguu yao, mchana kweupe, wapite mbele ya nyumba ya yule jamaa. Kiwanja cha marehemu baba yenu kisiuzwe.

Wallahu a'lam.